Pombe ya Ukoko

Jirani yangu hapa Kwamndolwa akianika kimea kwenye mkeka, huacha ninachofanya nikasogea uani. Si kwamba nataka pombe. Tumbo langu liliikataa zamani. Nataka harufu tu, ile ya nafaka iliyoota ikaanza kukauka, tamu kidogo, chachu kidogo, na ndani yake udongo. Ikinifikia, mimi na uzee wangu huu nageuka tena kitoto cha Handeni chenye magoti ya vumbi, kinachomfuata bibi yake kila aendako, hata chooni.

Mwaka huo tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa. Nyumba zilipangwa kwa mstari, mlango ukitazamana na mlango, nami nilifurahi kupita kiasi kwa sababu sasa nilikuwa na watoto wa kucheza nao hapo hapo nje. Bibi, mama yake Baba, hakufurahi. Alifika na furushi lake, akaliweka kwenye kona ya chumba tulicholala pamoja, wala hakulifungua. Alijifunika khanga ya Mama, akala kwenye bakuli la Mama, kama mgeni anayengoja basi. Kila siku alikula kidogo kuliko jana yake, na mikono yake ilianza kubaki mifupa. Mama akimbembeleza, jibu lilikuwa moja.

"Mume wangu hajui niko wapi."

Mumewe, yaani Babu, alikuwa amezikwa kule tulikotoka, nyuma ya nyumba yetu ya zamani. Kwetu sisi Wazigua, mtu hahami akamwacha marehemu wake kimya kimya. Humpelekea pombe kaburini, akamuaga, akamweleza anakokwenda. Sisi tulihama haraka haraka, vyombo kichwani, kuku kwapani, na hakuna aliyeaga. Sasa Bibi alitaka kurudi kufanya jambo hilo, lakini pombe inataka kimea, na kimea kinataka nafaka. Mvua ilikuwa imegoma. Chakula chetu kilikuwa mahindi ya njano ya msaada yaliyoletwa kwa lori.

Bibi aliyajaribu hayo hayo. Aliyaloweka, akayafunika kwa gunia bichi, akanipa mimi kazi ya kuyachungulia. Nilichungulia mpaka nikachoka. Yalivimba, yakateleza, yakatoa harufu mbaya hata Baba akauliza kama kuna panya amefia ndani. Lakini kuota hayakuota. Bibi aliyamwaga nje kwa hasira.

"Haya yalikufa huko huko yalikotoka," alisema. "Nimwite marehemu kwa mahindi marehemu?"

Mama alicheka, kisha akamtazama vizuri. Bibi alikuwa analia. Sijawahi kuogopa njaa kama nilivyoyaogopa machozi yale.

Baadaye mvua ndogo ilinyesha, mvua ya kulaza vumbi tu. Zilipopita siku chache Bibi aliniamsha mapema. "Mke mwenzangu, amka. Twende tukamwone mume wetu, hata kama ni mikono mitupu." Hivyo ndivyo alivyoniita tangu Babu akiwa hai, naye Babu alikuwa akitugombanisha kwa utani, eti mke mdogo ndiye anayejua kupika.

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa haina paa; Baba alikuwa amezichukua nguzo. Ghala lilikuwa limelala chini na nyasi zake. Bibi alikaa kando ya kaburi bila kusema neno, kwani angesema nini bila pombe? Mimi nilichoka kukaa kimya. Nikaenda kuwinda panzi penye ghala, nikainua fungu la nyasi zilizolowa, nikapiga kelele.

"Bibi! Funza! Wamejaa!"

Alikuja akichechemea, akapiga magoti, akatazama. Vile vitu vyeupe vilivyojikunja havikuwa funza. Vilikuwa mtama. Punje zilizodondoka kwenye nyufa za ghala, ambazo ufagio haukuzifikia, zilikuwa zimekunywa mvua ile ndogo, zikaota zenyewe gizani chini ya nyasi. Na huo ulikuwa mtama wa mwisho ambao Babu aliulima kwa mkono wake. Bibi alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tuhame.

"Huyu mume wetu hana subira," alisema. "Ameshatuanzia kazi."

Tuliokota punje moja moja hadi pindo la khanga likajaa. Bibi alizianika, akazisaga, na kimea kikatoka kidogo mno, cha kufunika kiganja tu. Ndipo alipoanza kutafuta masazo. Alikwangua ukoko wa ugali wa njano kwenye sufuria ya Mama, akauloweka, akautwanga. Mjomba alikuwa ametuletea miwa kutoka Mnyuzi, nami nilikuwa nimebakiza kipande, nimekificha chini ya mkeka. Nilikitoa. Nakumbuka jinsi kilivyokuwa kizito kukitoa, maana sukari hatukuwa tunaiona. Bibi alinibusu utosini, akakiponda chote bila kunibakizia hata pingili.

Bado haikutosha. Sijui nani alitoboa siri, Mama au mimi na mdomo wangu, lakini kesho yake mama wa nyumba ya pili alikuja na ukoko kwenye kibakuli. "Shikamoo, Bibi. Nimesikia unautaka huu." Akaja pia wa nyumba ya mkabala. Kisha mwanamke wa Kimasai aliyekuwa na mtoto mgongoni, kisha wengine. Bibi, ambaye hakuwa amejishughulisha kujua jirani hata mmoja, alimuuliza kila mtu jina lake na jina la mama yake. Mtungi ulijaa. Ukafunikwa karibu na moto, na siku zilivyopita ukaanza kuchemka bila kuchemshwa. Baba, aliyekuwa mtu wa swala, kila alipopita hapo alitazama juu kama anayetafuta mwezi.

Tulirudi kaburini na kibuyu kimejaa. Bibi alionja, akakunja uso, akapuliza funda la kwanza juu ya udongo. Kisha akazungumza Kizigua taratibu, akataja majina: huyu binti wa fulani, yule binti wa fulani, mstari mzima wa nyumba zetu, hadi nikaanza kusinzia. Nilidhani anamtajia Babu viungo vya pombe, ili asilalamike kuhusu ladha.

Tuliporudi nyumbani Bibi alikwenda moja kwa moja kwenye kona, akafungua furushi. Akatoa mwiko wake, mweusi kwa miaka ya moshi, akaenda jikoni. "Sogea, mwanangu," alimwambia Mama. "Leo napika mimi."

Nilikuwa mtu mzima, tumetoka tu kumzika Bibi katika kijiji kile kile, siku nilipoyaelewa yale majina. Wanawake wale wale, au mabinti zao, walikuwa wamejaa uani wakipika na kulia, na nilipowatazama niliyasikia tena, moja baada ya jingine, kwa sauti yake. Hakuwa anataja viungo. Alikuwa anamwambia mumewe asiwe na wasiwasi, kwamba huko alikohamia hayuko peke yake.