Kuutafuta Mlango wa Wilondja Mjini Lilongwe

Kaka yangu ndiye aliyenituma Lilongwe, wala sikwenda kutembea. Binti yake Riziki, anayeshona nguo pamoja nami hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, alikuwa amepata mchumba. Mtu wa Fizi kama sisi, jina lake Wilondja, na alisema anakaa mjini na ana duka. Kwetu shangazi wa binti ndiye anayekwenda kuangalia mlango wa mume. Anaonyeshwa nyumba, anakaa, anapewa maji. Akiyanywa, posa imepokelewa. Akiyaacha, wazee hawaketi kujadili ndoa. Basi ndoa ya Riziki ilikuwa kwenye koo langu, na mimi si mtu wa kunywa ovyo.

Safari ya kwanza ilikuwa Oktoba, joto kali, vumbi mpaka kwenye kope. Tulipata ruhusa ya kutoka kambini, tukapanda kabaza, zile baiskeli za abiria, mimi yangu na Riziki yake, hadi barabara kubwa, kisha basi dogo. Tulipofika mtaa wa Area 25 nikajiandaa kushuka, kwa sababu huko ndiko bwana alikosema amepanga. Riziki, ambaye huniita tantine, yaani shangazi, akanivuta kitenge.

“Tantine, amesema tumukute bustani.”

“Bustani? Nimetoka Dzaleka kuangalia miti?”

Lakini miti ilikuwepo, siwezi kusema uongo. Bustani nzima ilikuwa zambarau, jakaranda zimechanua juu na maua yake yametandikwa chini kama mkeka. Wilondja alitusubiri getini ndani ya koti jeusi. Mlinzi alimsalimia kwa jina na hakumuuliza lolote. Akatupeleka moja kwa moja kwenye benchi moja chini ya mti mkubwa, na pale chini palikuwa pamefagiliwa, hapakuwa na ua hata moja. Nikajiuliza, amejuaje kwamba hapa pamefagiliwa? Halafu akapotea kidogo, akarudi na maji kwenye glasi. Glasi ya kioo, jamani! Nani anabeba glasi bustanini?

“Kunywa, tantine.”

“Siko na kiu,” nilisema, na ulimi ulikuwa umekauka kabisa.

Wakati anaongea na Riziki, Wilondja akainama kuokota karatasi iliyotupwa na wapita njia, akaitia mfukoni. Nikamtazama vizuri. Kucha zake zilikuwa na udongo mweusi. Mtu wa duka, kama alivyojiita, anachimba nini?

Tuliporudi nilimwambia Riziki bila kuzunguka: “Ule muntu iko na bibi na batoto Area 25. Njo maana anatuficha.” Riziki alilia, kisha akaninunia wiki nzima.

Januari tukarudi, kwa sababu Riziki alikataa kuachana naye na kaka yangu alitaka jibu. Njia nzima mahindi yalikuwa yamesimama, na watu wa wilaya ya Dowa walikuwa mashambani wameinama. Bustani sikuitambua. Zambarau yote ilikuwa imekwisha, pamebaki kijani tupu, majani yamejaa maji na njia zinateleza. Benchi letu lilikuwa limefutwa, kavu, wakati mengine yote yalikuwa yanachuruzika.

“Leo utatupeleka kwako,” nilimwambia Wilondja.

“Tantine, iko mbali kidogo. Na njia iko matope sana.”

“Mi nimelima Fizi. Matope nayajua.”

Kabla hajajibu, mvua ikashuka. Akakimbia nyuma ya michongoma, na hata hatujalowa akarudi na mwavuli mkubwa, wa kutosha watu wanne. Ameutoa wapi? Na maji akayaleta tena, sasa kwenye glasi mbili, zinang’aa. Sikunywa. Tulisimama chini ya ule mwavuli tukinusa udongo uliolowa, na nakiri harufu ile ilinikumbusha nyumbani. Lakini bado nilimwangalia kwa jicho la pembeni.

Kaka yangu akachoka. “Huyo muntu anatuchezea,” aliniambia Juni. “Nenda mara ya mwisho. Usipoona mlango, Riziki amusahau.” Riziki alikuwa kwenye cherehani, akasikia, na usiku ule hakula nsima, ugali wa huku.

Julai nilikwenda peke yangu bila kumwambia Riziki wala Wilondja. Ilikuwa baridi ya manyunyu, ile inayoingia kwenye mifupa. Safari hii nilishuka Area 25. Sokoni nilimkuta mama wa Uvira anauza ndagala, dagaa wa kwetu, nikamuuliza Wilondja wa Fizi.

“Bakongomani ba hapa nabajua bote, mama. Huyo haiko.”

Machungu yalinipanda! Kumbe hata nyumba ni uongo. Nilichojua kilikuwa bustani tu, basi nikaenda kumbana yule mlinzi. Maskini hata hakujitetea. Nilipotaja jina alinyoosha kidole: “Ali uko,” yaani yuko kule, nyuma.

Nyasi zilikuwa zimekauka, miti mingine imebaki mifupa. Nyuma ya michongoma kulikuwa na kibanda cha majembe, na mbele yake Wilondja, ndani ya salopeti, ovaroli ya kazi, anakusanya majani kwa reki. Koti jeusi lilining’inia kwenye msumari karibu na mpira wa maji. Mwavuli ulisimama kwenye kona. Aliponiona, reki ilimtoka mkononi.

“Nyumba ya Area 25 iko wapi?”

“Haiko, tantine.”

“Na bibi?”

“Bibi gani? Mi nalalaka hapa, nalinda majembe. Niliogopa mutasema siko na mlango.”

Sikumwamini. Niliingia ndani, nikainua blanketi, nikatafuta hata kipande cha kitenge cha mwanamke. Sufuria moja, sahani moja, Biblia, na zile glasi mbili zimefunikwa kwa kitambaa safi.

“Ulitufanya wajinga mwaka mzima!”

“Hapana, tantine.” Macho yake yalikuwa mekundu. “Kila mara mulipokuja nilifagia tangu asubuhi. Kwangu njo hapa. Niliwapokea kwangu.”

Niliona huruma, na nikachukia kuiona. Nilitoka nikaenda kukaa kwenye benchi letu. Lilikuwa limefutwa, ingawa siku hiyo hakumtarajia mgeni yeyote. Nikaiangalia bustani yote, kavu na ya kijivu, haina hata karatasi moja chini.

“Riziki hatalala na majembe,” nilimwambia. “Atabaki kwangu mpaka upate chumba, na hicho chumba nitakikagua mi mwenyewe. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Basi leta maji.”

Yalikuwa baridi mpaka meno yakauma. Niliyamaliza.

Nimejifunza kwamba mtu anaweza kukukaribisha kwake mara mbili na usijue umefika. Wilondja bado namchunguza, msidhani. Mwanamume anayefagia namna ile, lazima nijue kwa nini.

Jioni nilifika Dzaleka nikitetemeka kwa baridi. Kaka yangu alikuwa ananisubiri mlangoni, na Riziki yuko ndani anashona, hageuki.

“Umeona nyumba?” kaka aliuliza. “Iko namna gani?”

“Hiyo nitakueleza, na utakasirika,” nilisema. “Lakini maji nimekunywa.”

Ndani, cherehani ikanyamaza.