Wakati Kisima Kinasubiri Majibu

Iko siku moja, mwanangu, inanijia kila nikiona mtu amevaa glavu. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, hapa hapa Nsemulwa, nami nimekaa jikoni kwa bibi yangu nakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Wenzangu walikwenda kutafuta maisha. Mimi nilishayapata, yalikuwa karibu na jiko. Kufika Shanwe, mtaa wa jirani tu, kwangu ilikuwa safari ya kuaga watu. Bibi aliniita mume wangu, kama bibi wanavyowatania wajukuu, ila mimi aliniongezea: "Wanawake wenzangu waume zao wanarudi jioni. Wa kwangu harudi, maana haendi."

Siku hiyo mwenyekiti wa mtaa alimleta mtaalamu wa vipimo vya mionzi. Alisema wanapita mitaani kupima vyakula, maji ya kunywa na udongo, wajue mionzi iliyomo ni kiasi gani. Hakuna jambo baya lililotokea, akasema. Ni kama kupima presha wakati huumwi. Alikuwa na kifaa cha mkononi kinacholia tik, tik. Kililia uani. Kililia jikoni. Akakisogeza kwangu kwa utani, kikalia pia, na bibi akasema hiyo ndiyo kazi ya kwanza amesikia mwili wangu ukifanya.

Mtaalamu alicheka, akanieleza. Mionzi kidogo ipo kila mahali, kwenye udongo, kwenye maharage, kwenye ndizi, hata ndani yetu. Kinachotafutwa ni kama imezidi. Nilimwelewa, kwa sababu fizikia ndilo somo pekee lililowahi kunionea huruma.

Wakahamia kwa jirani, Mama Espe. Nikawafuata, maana ilikuwa nyumba ya pili, umbali ninaouweza.

Mama Espe alikuwa mjane aliyehamia kwetu kutoka Katumba, kwenye makazi ya watu waliokimbia Burundi zamani. Uraia alikuwa nao, lakini wapo waliokuwa bado wanamwita mgeni. Alichimbisha kisima uani, akapanda mchicha na matembele, na mtaa mzima ukawa unachota kwake. Kwenye foleni ya ndoo ndipo watu walipomzoea. Kile kisima ndicho kilichomfanya awe wa kwetu.

Sasa sikia. Nyumbani kwetu ukimpa mgeni kinywaji unaonja wewe kwanza mbele yake, ndipo unampa. Asipokunywa baada ya hapo, amekuambia neno zito. Mama Espe akachota maji, akaonja, akamkabidhi mtaalamu kikombe kwa mikono miwili, foleni yote inaangalia. Mtaalamu alikuwa na glavu mkononi na dawa zake zimefunguliwa, na katika kazi ile hairuhusiwi kula wala kunywa. Akasema taratibu, "Samahani mama, nikimaliza." Akakiweka kikombe chini. Akachota maji kisimani, akajaza chupa, akatia matone ya tindikali, akaifunga kwa nguvu. Akachukua udongo na mchicha, akaitwa na mwenyekiti, wakaondoka. Kikombe kikabaki pale chini.

Waliokuwa mbali hawakusikia samahani. Waliona kikombe tu.

Kufika jioni, midomoni mwa watu kisima kilikuwa na sumu. Mama Holo, jirani yetu mwenye ng'ombe, aliapa mbele ya watu: "Mimi nimeona kwa macho yangu! Kile kidude kililia pale kisimani kama mbuzi aliyekosa mama."

"Mama Holo, kililia hata kwenu," nikamwambia.

"Kwetu kililia kwa heshima."

Tatizo majibu hayakuwa ya haraka. Udongo unakaushwa, unachekechwa, unafungiwa ndani ya chombo na kuachwa wiki kadhaa, kwa sababu kuna gesi inayotoka humo na ni lazima ijikusanye kwanza ndipo hesabu iwe ya kweli. Ndivyo mtaalamu alivyoniambia. Lakini mtaa ulisema, kama ni mazuri si wangeshasema? Foleni ya ndoo ikaisha. Mchicha wa Mama Espe ukakua mpaka ukatoa mbegu. Asubuhi moja kisima kikakutwa kimefunikwa miiba, na siku iliyofuata nikamwona Mama Espe akifunga godoro lake kwa kamba. Alikuwa anarudi Katumba kwa kaka yake.

Hapo nikainuka, mwanangu. Ndiyo, mimi. Nikaenda mpaka bomba la umma, nikawahutubia watu. Nikawaeleza aina za mionzi, alfa, beta na gama. Nikawaeleza kwamba tindikali inatiwa ili madini yasigande kwenye kuta za chupa. Walinisikiliza kama unavyomsikiliza mhubiri wa dhehebu lisilo lako. Nikarudi jikoni kifua mbele.

"Umewaambia?" bibi akauliza, anachambua maharage.

"Nimewaambia kila kitu."

"Na Mama Espe umemwambia nini?"

Kwake sikuwa nimeingia.

"Maji yake ni mazima?"

"Haijulikani, bibi. Majibu bado."

"Basi maji yasubiri majibu. Yeye anasubiri nini? Leo kala na nani?" Akanitazama. "Mume wangu, mwanamke anafunga godoro, wewe unamfundisha nani hizo gama?"

Nikaona nitoe dawa ya ushujaa. "Nitakwenda kunywa maji ya kisima chake mbele ya watu wote, waone."

"Wataona una kiu. Si umesema wewe mwenyewe kitu hicho hakionekani wala hakina ladha? Acha maonyesho. Nenda bombani, leta ndoo mbili. Moja yetu, moja yake. Ukiipeleka, usikimbilie kurudi hapa jikoni. Kaa, mle."

Bombani kulikuwa mbali kuliko siku ya hotuba, maana hotuba haina uzito. Nilifika kwa Mama Espe nusu ya ndoo iko kwenye shati. Alikuwa amekalia mzigo.

"Mwana wanje," akasema, ndiyo kusema mwanangu kwa Kirundi chake, "unaniletea maji mimi mwenye kisima?"

"Bibi anasema kisima kimepewa likizo. Wewe hujapewa."

Akacheka, kisha akafuta macho kwa kanga. Akachota kwenye ile ndoo niliyoibeba mwenyewe, akaonja yeye kwanza, ndipo akanipa. Nikanywa yote.

Kesho yake nikaenda tena, na siku zilizofuata. Bibi naye akahamisha kigoda chake, akawa anachambulia maharage kule. Mama Holo akasikia vicheko vya wanawake, na hicho ni kitu ambacho hakuwahi kuweza kukipita. Akaja akidai amekuja kumwangalia bibi asije akapewa maji ya kisima. Akakaa mpaka ugali ukaiva. Siku nyingine akaja na fimbo ya kuchungia, akaiondoa ile miiba kisimani mmoja mmoja, bila kusema aliyeiweka nani. Sisi hatukumuuliza.

Majibu yalipofika tuliitwa mkutanoni. Mtaalamu akasema maji, udongo na mboga za mtaa wetu vina mionzi ya kawaida, haikuzidi. Ila tuendelee kuchemsha, kwani kipimo chake hakitafuti vijidudu. Nikatumwa nimwite mwenye kisima. Nilimkuta bustanini, godoro liko kitandani, na ile kamba ameikata vipande anafungia nyanya.

"Majibu yametoka, Mama Espe!"

"Yanasemaje?"

"Hayana neno."

"Namshukuru Mungu. Nishikie huo mti, nifunge hapa."

Sijui alifungua mizigo siku gani. Ninachojua, ilikuwa kabla ya majibu.

Nakuambia haya kwa sababu jana nimekukuta na simu, kuna sauti inasema dagaa wa Karema wana mionzi, na kidole chako kiko tayari kuituma kwa kundi zima. Usiitume. Wala usiape kuwa ni uongo, maana wewe hujapima, na mimi pia. Uliza nani kapima, kapima nini, na kipimo chake kimelinganishwa na nini. Kama hakuna anayejua, ngoja wenye vifaa wafanye kazi yao, hata ikichukua muda. Lakini yule mama anayeuza dagaa sokoni usimwache angoje peke yake. Pita, msalimie, kaa kidogo. Majibu yanaweza kuja mabaya pia, mwanangu, yapo ya namna hiyo. Basi siku hiyo ndiyo atakuhitaji zaidi, na itakuwa vizuri akikuta ulishafika.

Mungu akupe ulimi mzito na miguu myepesi. Mimi alinipa kinyume chake, nikahangaika kuvibadilisha ukubwani. Maji yako yawe mazima, meza yako isikose mtu wa pembeni, na siku watu watakapoliogopa jina lako, apatikane mmoja wa kukubebea ndoo. Amina.