Mnana Juu ya Ungo

Mwaka 1999 hapakuwa na mtu Ifakara nzima aliyeipenda saa ya chakula cha mchana kama Restituta, mpiga chapa wa ofisi ya mradi wa visima. Wala si kwa sababu ya chakula. Wenzake walipotoka kwenda kutafuta wali na samaki, yeye alibaki mbele ya kompyuta akihangaika na picha za ndege. Ruhusa hiyo alipewa na mkuu wa mradi, Mzee Shilinde, Msukuma mpole asiye na maneno mengi, kwa sharti moja tu: kazi ya ofisi isiharibike. Kwa saa hiyo moja Restituta alikuwa akimshukuru Mungu kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso.

Kamera aliachiwa na padre mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Jumapili baada ya misa alipanda baiskeli hadi kivukoni, akajibanza kwenye matete kuwavizia ndege. Filamu zilisafishwa Morogoro, na picha zikirudi aliziingiza kwenye kompyuta kwa skana, ile mashine ya kioo inayosoma karatasi. Hapo ndipo raha ilipoanzia. Alikuwa amegundua kwamba picha mbili zinaweza kulazwa moja juu ya nyingine, kisha ya juu ikafifishwa kidogo kidogo mpaka ya chini ichungulie. Basi akawa mtu wa kuokota sura za vitu: gome la mkuyu, kipande cha gunia, jamvi lililochakaa, ukuta wa udongo uliopasuka. Majirani walishamzoea. Wakimkuta anapapasa ukuta wa nyumba yao, walimkaribisha chai.

Mama yake mzazi, Balbina wa kule Idete, ndiye aliyekataa kabisa kuona maana yake.

"Mimi nimekulia juu ya dungu naamia mpunga," alisema. "Hao ndege nimewatupia mawe mpaka bega likateguka. Leo mwanangu mwenyewe anawapamba kama maharusi."

Hata hivyo, alipoombwa ungo wake wa zamani aliutoa. Ungo huo ulikuwa umetundikwa jikoni miaka na miaka juu ya moto, hata ukawa na rangi ya chai ya rangi. Restituta aliufunga nyuma ya baiskeli akarudi nao mjini huku akiimba.

Kesho yake mchana akaulaza kifudifudi juu ya kioo cha skana, akaufunika kwa khanga ili mwanga usiingie. Picha iliyotoka akailaza juu ya mnana aliyempiga picha akisuka kiota. Akafifisha. Akafifisha tena. Polepole yule ndege akazama katika msuko wa ungo, kana kwamba anausuka yeye. Restituta alikaa akimtazama mpaka wenzake waliporudi. Akauchukua ungo wake haraka, na kioo hakukumbuka kukifuta.

Alasiri, Beno wa ramani akaweka juu ya kioo hicho hicho ramani mpya ya visima vya bonde. Katika ramani hiyo kila kisima ni kitone cheusi. Chembe za masizi ya jikoni kwa mama Balbina nazo ni vitone vyeusi. Ramani ikachapwa, ikatumwa Dar es Salaam kwa wafadhili, na hakuna aliyeshtuka. Ofisi gani italalamika ikiona visima vyake vimezaana?

Haukupita muda mrefu wageni wakaja kutoka kwa wafadhili hao, wakataka kuonyeshwa kisima kimoja ng'ambo ya Idete. Mzee Shilinde hakukikumbuka, lakini ramani ilikuwa ya ofisi yake, angesema nini? Akawapeleka. Walipofika walikuta kinamasi na vyura, na Land Rover ikazama mpaka wafugaji wakaleta ng'ombe kuivuta. Mzee alirudi jioni na tope hadi magotini.

Asubuhi iliyofuata aliingia ofisini, akalinganisha ramani na ile ya awali aliyoichora Beno kwa mkono, kisha akapitisha kidole juu ya kioo. Kidole kikatoka cheusi. Akamwita Restituta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Dada Restituta, haya ni nini?"

Alijua saa yake imekwisha, na bila ile saa angebaki na kamera isiyo na pa kwenda. Hakuzunguka, alimweleza yote, ungo na jiko.

"Naomba nimwone huyo ndege," alisema Mzee Shilinde.

Akamfungulia. Mzee akavuta kiti, akavaa miwani, akasogeza uso karibu na kompyuta. Mwishowe akagusa skrini penye bawa.

"Mstari huu hapa ni wa ndege au wa ungo?"

"Hata mimi sijui tena, mzee."

Akatikisa kichwa, akitabasamu kidogo.

"Dar nimewaandikia kwamba kioo cha ofisi yangu kilikuwa kichafu. Mambo ya nani kakichafua, hayo hawakuuliza." Akainuka. "Na hii saa ya mchana, nimeona haikufai. Unafanya haraka, unasahau kufuta. Jumamosi ofisi haina kazi. Njoo asubuhi, ufunguo utauchukua kwangu, ushinde humu."

Restituta alikuwa amekuja kupokonywa saa moja. Alitaka kumwambia kwamba tangu azaliwe hajawahi kukabidhiwa siku nzima iwe yake. Likatoka neno moja tu.

"Asante, mzee."

Mzee Shilinde akajidai anatafuta kalamu. Restituta akavua kitambaa chake cha kichwani, akainama kwenye skana, akaanza kufuta kioo. Machozi yalikidondokea, akayafuta nayo, yakadondoka tena, akaendelea kufuta.