Matanga Niliyoyaita Ngoma

Wageni wale wawili, mzee na mkewe kutoka Ulaya, walikuwa wameizunguka dunia. Boti yetu ilikuwa haijatoka hata kwenye mafunjo ya Dunga, ufuo wetu wa ziwani, nao walishanisimulia nyangumi wa bahari ya barafu, chui milia wa India, na kasa waliowaona wakitaga mayai kwenye kisiwa ambacho jina lake sikuweza kulitamka. Na kila walikokwenda, alisema yule mama, wenyeji waliwachezea ngoma. Mimi nilikuwa na viboko tu vya kuwaonyesha. Viboko nao wakagoma.

Ilikuwa miaka ya themanini, kabla magugu maji hayajalifunika ziwa letu. Nilikuwa na kofia ya kitambaa, darubini ya kuazima na maneno mengi. Kiingereza cha sekondari kilinifanya nijione mtu wa maana ufuoni. Lakini kila nilichokijua kuhusu wanyama nilifundishwa na mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye alikuwa mvuvi na Kiingereza hakujua. Yeye ndiye aliyenionyesha viboko wanakolala, na jinsi jike mwenye mtoto anavyopuliza pua kabla hajakasirika. Hata ile boti ilikuwa yake.

Mjomba alikuwa amezikwa jana yake. Nilihudhuria maziko, nikatupa udongo wangu. Siku hii ninayoisimulia ilikuwa ya tero buru, siku ambayo wanaume hushika mikuki na ngao, huswaga ng'ombe, hupuliza pembe na kuimba, wakiyafukuza mauti yatoke bomani yaende mbali. Mpwa hakosi siku hiyo. Mimi nilimwambia mama yangu mzazi kuwa nimebanwa na kazi mjini, nitafika jioni. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimewaahidi Wazungu, na niliogopa mtu mwingine atawachukua. Nikaichukua boti ya marehemu bila kumwuliza mtu. Nilijiambia kwamba mjomba angeelewa. Ni rahisi sana kusema hivyo juu ya mtu ambaye yuko chini ya udongo.

Saa nne ikafika hatujaona hata pua ya kiboko. Yule mama aliirudisha kamera kwenye mkoba. Nikaona aibu, lakini aibu ya kipumbavu, ya kuonekana sijui kazi. Basi nikaamua kujaribu ghuba moja ndogo iliyo chini ya boma la mjomba, mahali ambapo yeye hakuwahi kuwakosa. Nilidhani waombolezaji wangeelekea upande wa mashamba, wala hawangetuona.

Nilikosea. Tulipozunguka mafunjo tukasikia pembe. Walikuwa wanashuka ziwani, maana marehemu alikuwa mtu wa maji. Ng'ombe mbele, vumbi, kisha wanaume wakikimbia na kuchoma hewa kwa mikuki, wanawake nyuma yao wakipaza sauti.

"Ni nini hii?" mzee akaniuliza, macho yakimng'aa.

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa mawili tu, mjomba wangu. Lakini baada ya hayo angeuliza kwa nini basi niko hapa na wao.

"Ni ngoma," nikasema. "Ya kuwakaribisha wageni."

Kabla sijaifunga boti walikuwa wameshashuka. Mzee akapiga makofi. Mkewe akainua mikono, akacheza, akacheka kwa sauti. Wimbo ukafifia. Binamu yangu, mtoto wa marehemu, aliteremsha mkuki, akanitazama mimi, kisha akaitazama boti ya baba yake.

Aliyekuja mbele ni mke wa mjomba, ambaye siku zote nimemwita Mama. Alikuwa amevaa koti la mumewe, kama wajane wa kwetu wanavyofanya, mikono ya koti ikimfunika vidole. Yule mama wa Kizungu alisema vazi hilo linapendeza. Mzee akampiga picha.

"Wuoda," mjane akaniita, yaani mwanangu. "Hawa wageni wamekuja kulia na sisi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wametoka mbali?"

"Mbali sana."

"Waambie erokamano, asante. Waambie mwenye boti angeshukuru sana." Akaushika mkono wa yule mama mgeni kwa mikono yake yote miwili.

"Anasema nini?" mgeni akaniuliza.

"Anasema amefurahi kwamba mmeipenda ngoma."

Wakalishwa kuku, kwa sababu mtu aliyetoka mbali kuja kulia na wewe haondoki na njaa. Mzee alisifu mchuzi. Hilo nililitafsiri kama lilivyo.

Miezi baadaye ilikuja bahasha kutoka Ulaya, na ndani picha ya mjane na koti lake. Nyuma ya picha waliandika kwa Kiingereza kwamba hiyo ndiyo ngoma yenye furaha kuliko zote walizoziona duniani. Nilimpelekea mjane. Akaniomba nimsomee maandishi, nami nikasoma bila kusitasita, "Poleni sana na msiba. Hatutamsahau mzee." Akalia, akaitia picha ndani ya Biblia yake. Tangu siku hiyo kila aliyeingia nyumbani mle aliambiwa kwamba Wazungu walivuka bahari kuja kumlilia mumewe. Nikiwepo niliombwa kushuhudia, nami niliitikia kwa kichwa. Na mara nyingi nimezifikiria zile ngoma zao nyingine, za visiwani na kwingineko, nikajiuliza nani alisimama kando akitafsiri.

Katikati ya miaka ya tisini magugu yaliziba ufuo, wageni wakaadimika, nikapata muda wa kwenda kumsalimia. Nilimkuta na mjukuu wake wa darasa la saba akifanya kazi ya shule. Mama alifungua Biblia, akatoa picha.

"Msomee baba yako hapa nyuma," akamwambia mtoto, akinionyesha mimi.

Msichana alisoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, polepole, asikosee hata neno. Ngoma. Furaha. Kuliko zote. Nilitazama sakafu.

"Alinisomea mwaka juzi," Mama akasema. "Mara ya kwanza nikamgombeza, nikasema Kizungu bado hajui."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ni wewe nilikuwa nangoja uniambie."

Niliomba msamaha, nikauomba vibaya, nikitaja kazi, nikitaja ujana. Alininyamazisha kwa mkono. Kisha akanipa picha ile.

"Sasa nisomee vile ulisoma wewe. Hiyo nilikuwa napenda."

Nilianza. "Poleni sana na msiba," nikasema, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli, ilitoka kwangu. Nilipofika kwenye neno mzee, sauti ikakatika. Mama hakunisaidia. Alikunja mikono, akangoja nimalize.