Jaji Trask Katikati ya Uzio

Alizaliwa Eliphalet Trask mwaka 1804 huko Vermont, mtoto wa tisa wa mhubiri mwenye mahubiri mengi kuliko viazi. Kanisa letu la Kimethodisti hapa Sorrel Creek, Indiana, halina desturi ya kutangaza watakatifu, na mchungaji amekwisha kunikanya. Nitaandika hivyohivyo. Mtu huyu tulimjua, na mimi mwenyewe nilimshika miguu.

Wito ulimjia mwaka 1841, tulipomchagua kwenda kwenye baraza la kutunga sheria la jimbo. Alikaa huko miaka sita akatunga sheria moja. Ilisema nguruwe akiharibu bustani ya mtu, atakuwa mali ya mwenye bustani, mradi bustani ina uzio ambao nguruwe aliyekomaa hawezi kuupenya. Aliporudi tukamfanya jaji, maana ni yeye tu aliyeielewa.

Jaribu lake kubwa lilimfika Novemba 1853. Alikuwa na nguruwe jike, Dorkasi, ambaye alimpenda kuliko mtu yeyote, na mkewe alilijua hilo. Dorkasi aliingia kwa mjane Keziah Pruitt akala kabichi na viazi vyote. Mjane alikuwa na watoto watano, na baridi ilikuwa imeshabisha hodi. Bila nyama ya Dorkasi kwenye pipa la chumvi, wangekufa njaa. Mito ilikuwa imefurika na jaji mwingine hakuweza kufika, basi Trask akasikiliza kesi yake mwenyewe, wala hakuona haya.

"Dorkasi kaangusha lango," alisema mjane.

"Kapita kwenye lile pengo la pembeni," alisema jaji. "Uzio wako mbovu, mama."

"Pengo lile? Hata wewe hupiti, Mheshimiwa."

"Mimi na Dorkasi unene wetu mmoja; nikipita mimi, naye alipita. Twendeni."

Mahakama nzima ikahamia bustanini. Jaji akavua koti, akapitisha kichwa, akapitisha mabega, kisha tumbo likagoma. Hakwenda mbele, hakurudi nyuma. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, Mungu atusamehe. Mjane peke yake hakucheka. Alisimama mbele ya ule uso uliojaa matope.

"Tukuvute kwanza, au hukumu kwanza?"

Mimi nilikuwa upande wa nyuma, nimemshika miguu tayari kumvuta.

"Hukumu kwanza," akasema. "Nikishatoka hapa nitapata hoja nyingine. Uzio ni imara. Dorkasi ni wako."

Ndipo tukamvuta. Suruali ilibaki.

Krismasi ile mjane alimpelekea paja la nguruwe. Mkewe anashuhudia kwamba alilitazama, akalia, akala, akaomba aongezewe. Jaji alifariki kwa amani mwaka 1871, na watoto wote watano wa Pruitt, wanene wenye afya, walibeba jeneza.

Ndugu wapendwa, sote huijua haki tukiwa tumekwama. Tuitamke papo hapo, kabla marafiki zetu hawajatuvuta.