Mikonge Mitano Njiani pa Susu

Mkonge uliokatwa una harufu yake, kali, ya kukera pua, kama majani mabichi yaliyosuguliwa kwa sabuni ya kipande. Niliisikia juzi vijana wa kaunti walipokata mikonge miwili mitatu ya ua wetu wapate pa kupigilia vigingi. Wanataka kupitisha njia ya miguu ya kushukia mtoni, ndani ya mashamba ya watu. Majirani walinung'unika. Mimi niliwaacha wakate, na si kawaida yangu.

Shamba letu liko Makueni, chini ya vilima vya Mbooni, na linateremka hadi mto ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Maji unayafukua. Unachimba kisima kifupi, unakaa hapo na kata yako, unangoja yajae. Juu yetu aliishi Susu Nduku. Hakuwa ndugu yetu, ila kwetu kila mwanamke wa umri wake ni susu, yaani nyanya. Alifika mtoni kwa kukata katikati ya shamba letu, na kurudi vilevile, mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso.

Nilipokuwa na miaka minane Baba aliamua kuzungushia shamba ua wa mkonge, na upande wa mto akaniachia mimi nipande.

"Pale pa Susu uache nafasi ya mtu kupita," akasema.

Nilisikia vizuri kabisa. Lakini wiki hiyo Susu alikuwa amenishtaki kwa Mama kwamba nilichezea kisima chake mpaka maji yakawa tope, na kiboko nilichokula kilikuwa bado kinaniwasha. Basi kwenye ile nafasi nikapanda miche mitano, imebanana. Nilijiona mjanja sana.

Baba alipoiona alicheka. Haikufika hata gotini mwake. "Ataruka tu," akasema, akaenda zake.

Na kweli Susu aliruka. Alitanguliza mtungi, akakusanya rinda, akapitisha mguu mmoja, kisha wa pili. Mkonge haukui haraka, kwa hiyo hakuna siku ambayo mtu angesema leo njia imefungwa. Kila kiangazi miiba ilikuwa juu kidogo, na goti lake gumu kidogo. Akinikuta hapo alikuwa ananiambia, bila hasira, "Mwanangu, mimea yako inakua." Nilidhani ananisifu. Nikamjibu, "Asante, Susu."

Siku moja nilimwona amesimama mbele ya ua na mtungi mtupu, kwa muda mrefu. Halafu akageuka. Tangu hapo alizunguka kwa barabara ya magari na kushukia mtoni kule darajani. Hakuja kulalamika. Shamba lilikuwa letu, naye alikuwa mtu wa haya.

Kabla mwaka haujaisha, mwanawe mwenye duka kule Kambu akamchukua akakae naye. Hakutaka kwenda, Mama alisema alilia kama mtoto. Alifia huko. Walimrudisha kumzika kwake, na sisi wasichana tukatumwa maji ya kupikia waombolezaji. Ndipo nikapita kwa mara ya kwanza njia aliyokuwa akizungukia. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nina nguvu, na nilipumzika mara nne. Nilifika nikilia. Watu wakanisifu kwa moyo wangu mwema, na sifa hizo pia nikazipokea.

Baba hakuwahi kuitaja ile miche, nami sikumkumbusha. Goti langu mwenyewe lilipoanza kuuma ndipo nilipoelewa kwamba "mimea yako inakua" lilikuwa ombi.

Juzi kijana mmoja wa kaunti, mwenye karatasi, aliniuliza kama zamani palikuwa na njia hapo kwenye ua.

"Palikuwa na njia," nikamwambia. "Niliiziba mimi."

Alidhani natania. Nikatia sahihi kwamba nakubali njia ipite, naye akashukuru, akasema sasa wazee wa huku juu watafika mtoni bila taabu. Nilikuwa natazama nyumba ya Susu. Paa limeanguka, na hakuna mtu anayekaa huko.