Mikono Miwili Mbele ya Baba

Siku tatu baada ya kumzika baba Ukambani, nilitoka asubuhi katika nyumba yake ya mjini, mtaa wa Jericho, bila kujua naenda wapi. Nilibeba begi, kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada, na twiga wa mti ambaye hajakamilika.

Niliacha shule darasa la saba, lakini sijaacha kuuliza maneno yalitoka wapi. Katika kamusi hiyo nilisoma juu ya "hug", yaani kumbatio, neno ambalo vijana wa mtaa huombana bila haya: nipe hug. Asili yake haina uhakika. Pengine lililetwa Uingereza na watu wa kaskazini waliovuka bahari, na kwao lilikuwa na maana ya kufariji. Jambo hilo lilinikaa kichwani. Kwetu tulipeana mkono tu, tena upesi. Baba alikuwa mchonga vinyago, na kitu pekee nilichomwona akikumbatia ni gogo, amelibana kwa magoti na kifua huku akilichonga kwa tezo, kile kishoka chake kidogo.

Mwezi uliopita, baada ya miaka minne ya kuzurura, niliamua kurudi nimkumbatie. Nilimkuta uani, amekonda. Nikasimama mbele yake, nikanyoosha mikono yote miwili.

Nilikuwa nimesahau. Katika ua ule, anayesimama hivyo anangoja kazi. Tangu utotoni ndivyo tulivyopokea vinyago vya kupiga msasa. Baba hakushangaa hata kidogo. Akaniwekea twiga mikononi.

"Umefika, mtu wa barabara? Anzia shingo. Na usimharibu kama yule kifaru."

"Kifaru aliharibiwa na ndugu yangu, baba."

"Ndugu yako alikuwa anafanya kazi. Wewe ulikuwa unauliza kifaru kwa Kiingereza ni nani."

"Baba, mimi nilitaka..."

"Shingo kwanza."

Nikapiga msasa mpaka jioni, nikijiambia nitamkumbatia kesho. Kesho yake hakuweza kuinuka. Majirani walimbeba kumpeleka hospitali, mimi nyuma nimeshika blanketi na chupa ya maji. Hakurudi.

Basi asubuhi ile, siku tatu baada ya mazishi, nilivuka Barabara ya Jogoo, nikapita viwanda, miguu ikanifikisha Mukuru kwa Reuben, ambako hakuna anayenijua. Mama mmoja anayesimamia vyumba vya mabati alinifungulia kimoja.

"Utakaa na nani?"

"Peke yangu."

"Na huyu mwenye shingo?"

"Ni wa baba. Hakumaliza."

"Si umalizie basi?"

Alipoondoka nilikaa kitandani, nikambana twiga kwa magoti na kifua. Nikangoja nifarijike. Mabati yalianza kupata joto, na mimi bado nangoja. Shingo ilikuwa laini. Miguuni mlikuwa bado na alama za tezo la baba. Nilitoa msasa kwenye begi, nikaushika, kisha nikaurudisha, alama zile zisifutike.